Tundu la Nyangwine lililomponza Mzee Tomaso

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, karakana ya vyuma ya Turwa, mjini Tarime, bado ina baridi ya kukakamaza vidole. Nyangwine Mogesi hajawasha mashine. Ameinama juu ya meza yake ya chuma, na kiganja chake kinapita taratibu juu ya reli zinazoibeba meza hiyo. Akifika mwisho anakigeuza na kukitazama. Kinang'aa oili.

Anahamia reli za upande wa pili. Nazo anazipapasa, nazo zinamwachia oili mkononi. Ndipo anapojifuta kwa kitambaa na kubonyeza swichi.

"Zamani nilikuwa nawasha tu," anasema bila kuinua uso. "Nilikuwa najiona fundi."

Fundi ni fundi kweli, hilo halina ubishi. Katika vijiji vya Tarime, na hata huko Serengeti mpaka Mugumu, zipo mashine za kusaga zinazozunguka leo kwa sababu ya vipuri vilivyotoka mkononi mwake. Lakini mwite fundi asubuhi hii uone. Anainamisha kichwa, anatafuta cha kufuta mahali pasipo na vumbi. Aibu imemkalia mabegani na haijaona sababu ya kushuka.

Mashine anayoiongoza huchonga chuma kwa amri za kompyuta. Mafundi wa mjini wanaiita siensii. Mwenye karakana ni Faraji, mfanyabiashara ambaye babu yake alikuja Tarime kutoka pwani. Aliinunua ikiwa imeshatumika, na huizungumzia kama mwanawe wa kwanza. Kazi kubwa ya mashine hiyo ni kutengeneza nyumba za beringi, yaani kipande kizito cha chuma chenye tundu katikati. Beringi hukaa ndani ya tundu hilo, shafti huzunguka ndani ya beringi, na mahindi ya watu yanasagika.

Tundu hilo lazima liwe duara la kweli. Likiwa na kasoro, hata iwe nyembamba kuliko unywele, beringi inabanwa, inapata joto, inakufa.

Ili kulikata duara, meza ya mashine huenda kushoto na kulia, na papo hapo huenda mbele na nyuma. Kila inapofika ukingoni inabidi isimame na kurudi ilikotoka. Hapo pa kugeukia ndipo penye ugomvi. Msuguano huishika meza kwenye reli, ikaganda kidogo, kisha ikachomoka. Jicho halioni kitu, ila chuma kinabaki na alama.

Waliotengeneza mashine wanalijua hilo. Ndani ya kompyuta wameweka namba inayoiambia mota kwamba wakati wa kugeuka isukume zaidi kidogo. Namba ikipungua, meza inaganda. Ikizidi, meza inaruka kabla ya wakati wake. Nyangwine aliipa namba hiyo jina lake mwenyewe. Aliiita kiboko.

Jina hilo alitoka nalo nyumbani kwao Itiryo, ambako mashamba yanalimwa kwa plau ya ng'ombe. Baba yake alishika plau, naye akatembea kando na kiboko. Ng'ombe wakifika mwisho wa shamba husita kugeuka, na plau inazama pale pale na kuchimba shimo. Mwenye kiboko hodari hangoji wasimame. Anawagusa hatua moja kabla, nao wanageuka bila kelele. Nyangwine alisifika kwa hilo kuliko kwa jambo lolote alilowahi kulifanya shuleni.

"Nilipofundishwa hii namba nikasema, aa, hii mbona naijua," anakumbuka. "Ni ng'ombe anageuka. Mguse kabla hajasimama."

Ujuzi huo ulimpa ugali kwa miaka kadhaa. Kisha ukamtia aibu ambayo bado anatafuta pa kuiweka.

Mwaka jana, mavuno ya mahindi yakiwa yamekaribia, meza ilianza kugoma ilipokuwa ikienda mbele na nyuma. Matundu yakawa yanatoka na alama mbili zinazotazamana. Nyangwine akaongeza kiboko, alama zikapotea. Baada ya siku chache zikarudi, akaongeza tena. Faraji akawa anawaambia wateja kwamba kijana wake ameitibu mashine bila hata kuifungua. Nyangwine akazipokea sifa hizo kwa mikono miwili, na hakusema kwamba hakuna alichokitibu.

Baadaye alikuja fundi wa kukodi kutoka Mwanza kuihudumia mashine. Akakuta bomba dogo la oili limeziba, na reli za upande ule zinasuguana karibu kavu. Akalizibua, oili ikatembea, meza ikawa laini. Kabla hajafunga mkoba wake aliuliza kama kuna namba yoyote iliyobadilishwa ndani ya kompyuta.

"Nikasema hapana," anasema Nyangwine. "Bosi alikuwa amesimama pale pale. Ningesemaje kwamba ule utaalamu wote ulikuwa kiboko tu? Baba alinifundisha, ng'ombe akigoma kugeuka, mvue nira kwanza, mtazame shingo. Labda ana kidonda. Mimi sikumvua. Nilimpiga."

Alijiambia kwamba ataipunguza namba ile kimyakimya, mgeni akishaondoka. Lakini mchana huo huo kazi ya kwanza iliyokuwa ikisubiri mezani ilikuwa ya mama mkwe wake.

Efrazia, mama mzazi wa mkewe Gati, ni mjane wa Kemambo. Mashine yake ya kusaga ndiyo tegemeo la vitongoji vya jirani. Nyumba ya beringi ya mashine hiyo ilikuwa imepasuka na mahindi yalikuwa yanaingia kutoka mashambani. Nyangwine alitaka kipuri kitoke upesi na kitoke kizuri. Mkwe wa Kikurya hana maneno mengi mbele ya mama mkwe. Kinachomsemea ni kazi yake.

Je, alisahau ile namba? Anashika kitambaa, anakikunja, anakikunjua. Anasema hakusahau kabisa. Alikuwa na haraka, na moyoni alijidanganya kwamba kiboko kimoja cha ziada hakijawahi kumuua ng'ombe.

Kiboko kilichopimiwa meza kavu kikaipiga meza iliyojaa oili. Kila ilipofika pa kugeukia iliruka mapema, na kisu kikaacha chuma kidogo ambacho kilipaswa kuondoka. Ndani ya tundu vikabaki vivimbe viwili vinavyotazamana. Nyangwine alipima upande mmoja tu, ule usio na kasoro, kipimo kikasoma sawa. Beringi ilipokataa kuingia, aliigonga kwa nyundo ya mpira mpaka ikaingia.

"Nikafurahi," anasema, na sauti inamshuka. "Nikasema imekaza vizuri. Ya mkwe haichezi."

Kule Kemambo, aliyekuwa akiiendesha mashine ya Efrazia ni Tomaso, mzee wa miaka kama sitini, aliyeianza kazi hiyo mume wa Efrazia akiwa bado hai. Ndiye aliyewasha, aliyetia grisi, aliyekung'uta mifuko na kufunga banda jioni.

Alikuwa pia na kazi nyingine isiyo na mshahara. Wengi siku hizi wamelegeza, lakini kwa Efrazia heshima ya mkwe ni ile ile ya zamani. Nyangwine haingii nyumbani mwa mama mkwe, hampi mkono, hasemi naye uso kwa uso. Akifika husimama mbali, na maneno hupita kwa mtu wa katikati. Mtu huyo alikuwa Tomaso. Alipeleka salamu upande huu, akarudisha habari za wajukuu upande ule, na katikati akatia utani wake mwenyewe, hata mama mkwe akasikika akicheka ndani.

Beringi ile ilikufa akina mama wakiwa kwenye foleni. Ilitoa moshi, ikalia, ikaganda. Ikawekwa nyingine, nayo haikumaliza wiki. Maneno yakaanza. Mara mzee hatii grisi, mara grisi anaiuza. Tomaso akaapa kwa jina la mama yake. Efrazia hakujua amwamini nani, akamtuma Gati akamuulize mumewe, kwa kuwa ndiye mjuzi wa vyuma katika ukoo.

Swali lilimkuta Nyangwine anakula. Hakuomba hata kuiona beringi yenyewe. Alijibu kwamba beringi haifi hivihivi, akamalizia: "Hiyo ni grisi."

Hayo yalitosha. Fundi wa siensii akishasema, nani wa kubisha? Tomaso alikabidhi ufunguo wa banda, akaondoka Kemambo, na jina la mwizi wa grisi likamfuata nyuma.

Siku chache baadaye Gati aliileta karakanani ile nyumba ya beringi ndani ya kiroba, kwa sababu beringi ya tatu nayo ilikuwa imeanza kupata joto, na safari hii aliyetia grisi ni Efrazia mwenyewe. Nyangwine aliifunga mezani, akaingiza tunduni saa ya kupimia yenye mshale, akaanza kuizungusha. Mshale ulitulia, ukatulia, kisha ukaruka. Ukatulia tena. Upande wa pili, mkabala na pale pa kwanza, ukaruka tena.

Alizungusha upya akidhani saa imekosea. Mshale ukaruka pale pale. Akaketi juu ya ndoo ya oili, na anasema alisikia uso wote unamwaka moto kama aliyekamatwa ugoni.

"Wakati ule ule nilijua kwamba Mzee Tomaso alitia grisi," anasema. "Nilijua kabla mtu yeyote hajajua. Na nikanyamaza."

Siri ya mtungi aijuaye kata. Nyangwine aliisukuma ile nyumba ya beringi chini ya benchi, akaifunika kwa kiroba chake, akamwambia mkewe kwamba kazi ni nyingi, inasubiri zamu. Namba aliipunguza mara moja, ikarudi mahali pake. Chuma kilirekebika kwa kubonyeza vitufe. Mtu hakurekebika hivyo.

Mashine ya Kemambo ikakaa kimya masika yote. Wanawake wakajitwika mahindi mpaka mashine ya ng'ambo ya kilima, wakarudi na unga giza likiwa linaingia. Kila Gati alipotoka kuwasalimia kwao, Nyangwine aliuliza habari za mvua na za ng'ombe. Habari za banda hakuziuliza.

Alikuwa na kisingizio kizuri, tena cha heshima. Mkwe hawezi kwenda kumkabili mama mkwe, na aliyekuwa akiwabebea maneno ameshafukuzwa. Basi angesema kwa mdomo wa nani?

"Nilijificha nyuma ya heshima," anasema sasa. "Mila haikunituma ninyamaze. Mimi ndiye niliyeitumia mila."

Wahenga walisema mficha uchi hazai, na uchi wa Nyangwine ulifunuliwa na habari ndogo ya kanisani. Gati alirudi kutoka Kemambo akasimulia kwamba mke wa Tomaso ameacha kuja kwenye ibada. Alipokaa benchi, wenzake walivuta vikapu vyao karibu na miguu. Gati alilisema hilo huku anapepeta mchele, bila kukusudia kumgusa mtu.

Jioni hiyo Nyangwine alimweleza yote, kuanzia kiboko mpaka kiroba. Kisha akamwomba apeleke ujumbe kwa mama yake, kwa upole, kama mtoto wa kike anavyojua. Gati hakupandisha sauti.

"Baba Elia, lile neno lako la grisi nililibeba mimi," alimjibu. "Hili libebe mwenyewe."

Faraji naye aliambiwa kesho yake. Alizima mashine, akataka aonyeshwe namba yenyewe, akaitazama muda mrefu. Hakumfukuza. Lakini tangu siku hiyo hajamsifu mbele ya mteja, na Nyangwine anasema afadhali angetukanwa.

Safari ya Kemambo aliifanya asubuhi ya Jumamosi, peke yake. Alimkuta Efrazia ndani ya banda la mashine, anafagia vumbi la mahali pasipofanyiwa kazi. Hakuingia. Alizunguka nyuma, akasimama akiupa mgongo ukuta wa bati, uso ameuelekeza kwenye migomba, akasema kwa sauti ya kusikika ndani. Alisema tundu lilikuwa na kasoro. Alisema alijua. Alisema grisi haikupungua, wala haikuuzwa.

Ndani, ufagio ulinyamaza. Akina mama wawili waliokuwa wakipita na ndoo walisimama njiani na kusahau walikokuwa wakienda, maana mkwe kupaza sauti nyuma ya banda la mama mkwe ni jambo la kusimuliwa mwaka mzima. Nyangwine aliendelea kuitazama migomba. Alitamani hata atukanwe, ili mradi lisikike neno.

Efrazia alijibu, lakini hakumjibu yeye. Aliigeukia mashine yake.

"Wewe mashine, umesikia?" alisema. "Kumbe hukufa kwa njaa ya grisi. Basi mwambie huyo aliye nyuma ya bati kwamba mimi sikufukuza beringi, nilifukuza mtu. Kipuri kipya sikitaki mpaka yule mtu aje akifunge kwa mkono wake. Na mwambie nami nina aibu yangu, kwa sababu nilimwamini mkwe nikaacha kumwamini aliyekula chumvi yangu."

Tomaso alipatikana Sirari, mpakani, kwenye ghala la mahindi, anashona midomo ya magunia yanayopakiwa kwenda Kenya. Nyangwine alimkuta amekaa juu ya gunia tupu, sindano ndefu mkononi, vijana wa kupakia wamemzunguka.

"Shikamoo, mzee."

Mzee hakuitikia. Aliendelea kushona. Kwa mtu wa huku, salamu hiyo ikiachwa hewani ni kofi la mbele za watu. Vijana wakatazamana. Mmoja akauliza kwa Kiswahili cha upande wa pili wa mpaka kama huyu jamaa anasumbua wazee ama ni nini. Nyangwine akapiga magoti kwenye pumba na akasimulia, kama alivyosimulia nyuma ya bati, ila safari hii alikuwa ana kwa ana na mtu.

Alipomaliza, Tomaso alikata uzi kwa meno.

"Kwa hiyo grisi nilitia," alisema.

"Ulitia."

"Sema tena, mura," alisema, akimwita kijana kwa Kikurya. "Hawa hawajasikia."

"Ulitia grisi, mzee. Mimi ndiye niliyeharibu."

Mzee alivuta gunia jingine. Alisema kwamba siku ya gulio atakuwa na nafasi, na kwamba hajui kama miguu yake itakubali kwenda Kemambo. Alipoulizwa na mwandishi wa makala haya, alijibu kwamba mambo ya jina hayashonwi kama gunia, kisha akaomba asisumbuliwe, ana lori linasubiri.

Kipuri kipya kipo tayari. Kimefungwa kwa karatasi ya mafuta, kimekaa kwenye rafu juu ya dirisha la karakana. Nyangwine amelipima tundu lake pande zote, na mshale wa saa haukuruka popote. Analipima tena kila asubuhi, ingawa chuma kilicholala rafuni hakibadiliki.

Tulimwambia kwamba tunaweza kuandika habari hii bila kutaja jina lake. Alikataa. Alisema jina la Mzee Tomaso lilitajwa sokoni, kisimani na kanisani, na hakuna aliyefikiria kulificha. Anataka na hili lake litajwe, tena likae karibu na la mzee, ili anayesoma asichanganye nani alifanya nini.

Gulio ni keshokutwa. Ameshaomba ruhusa kwa Faraji, na Gati amesema atakwenda naye, ila habebi neno la mtu. Kuhusu kazi yake mwenyewe Nyangwine hana mipango mikubwa. Anatumaini siku moja Faraji atamwachia tena kazi bila kuja kuchungulia begani kwake. Hilo linaweza kungoja.

"Mzee akija, atakayefunga ni yeye," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anainua macho. "Mimi nitamshikia spana, mama mkwe akiwa ndani na watu wote wakiwa nje wanaona. Halafu nitamwamkia tena. Maana shikamoo yangu ya Sirari bado haijaitikiwa."